Kususia nchi nzima, kiongozi kubaki nyumbani, au kwenda na kusema: njia ipi ina uzito?

Desemba 2024 FIFA iliikabidhi Saudi Arabia Kombe la Dunia la 2034. Hapa Tanga habari hiyo haikupokewa kama habari ya mpira peke yake. Makorora, Ngamiani, Mabawa, si rahisi kupita mitaa miwili bila kukuta nyumba yenye mtoto aliyeko Ghuba, ama anafanya kazi za ndani, ama analinda geti, ama anaendesha gari. Kwa hiyo suala la viongozi kususia michezo ya kimataifa kwa ajili ya haki za binadamu limeshaingia majumbani mwetu. Na AFCON ya 2027, iliyopangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda, italigeuza upande wa pili: wenyeji tutakuwa sisi, na wageni ndio watakaopima kama waje au wasije.

Barazani jambo hili hujadiliwa kana kwamba majibu ni mawili, kwenda au kutokwenda. Mimi nayaona matatu. Nchi nzima isusie, wanamichezo na viongozi pamoja. Au timu iende, kiongozi abaki nyumbani. Au kiongozi aende, na akifika aseme. Kuna la nne, la kwenda, kukaa jukwaa kuu, kupiga picha na kunyamaza, lakini hilo sitalipimanisha na lolote, maana ni kumpa mwenyeji bure kile alichojenga viwanja ili akipate.

Katika kuyalinganisha nitauliza mambo yaleyale kwa kila moja: nani analipa gharama, mwenyeji anaguswa wapi, na wanaoonewa wenyewe wanataka nini.

Nchi nzima isusie

Bei ya njia hii Watanzania tunaijua vizuri. Juni 1976, watoto wa Soweto walipokuwa wakipigwa risasi, timu ya raga ya New Zealand ilikuwa inajiandaa kwenda kucheza na makaburu, na ikaenda. Nchi za Afrika zikaitaka Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, iiondoe New Zealand kwenye michezo ya Montreal. IOC ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, hivyo suala hilo haliihusu. Zaidi ya nchi 20 zikasusia, Tanzania ikiwemo.

Aliyelipa ni Filbert Bayi. Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu bastola ilipolia hadi kwenye utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Aliyemfuata, John Walker wa New Zealand, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Mwaka 1975 Bayi akavunja rekodi ya maili, na miezi michache baadaye Walker akamnyang'anya. Mashabiki wa riadha dunia nzima waliisubiri Montreal kwa ajili ya watu wawili hawa. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, muda ambao Bayi alikuwa ameshaupita kwa mbali. Ni kweli kwamba Bayi aliugua malaria mwaka ule, kwa hiyo hatuwezi kuapa kuwa dhahabu ilikuwa yake. Lakini alikuwa na miaka 23, na nafasi ya kukutana na Walker kwenye Olimpiki haikurudi tena.

Waziri aliyetia saini uamuzi ule hakupoteza hata posho. Mwanariadha alipoteza kilele cha maisha yake. Sisemi hivi ili kuulaumu uamuzi wa 1976, maana nitaeleza kwa nini naona ulikuwa sahihi. Nasema ili anayependekeza nchi isusie ajue anachokopa ni cha mtu mwingine. Sisi wa Tanga tulimwona Hassan Mwakinyo, kijana wetu, akienda Birmingham Septemba 2018 akiwa karibu hajulikani nje ya nchi, akamsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili. Usiku mmoja tu. Usiku wa namna hiyo mwanamichezo huupata mara moja, wengi hawaupati kabisa, na ndio unaofutwa kwa kalamu ya ofisini.

Je, Montreal ilizaa matunda? Ilizaa. Mwaka 1977 nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana kule Gleneagles kuzuia mahusiano ya michezo na Afrika Kusini. Timu ya makaburu ilipozuru New Zealand mwaka 1981, wananchi wa New Zealand wenyewe walijaa barabarani kupinga. Mwaka 1986 nchi 32 kati ya 59, Tanzania ikiwa ndani, zilisusia Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh kwa sababu Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, alikataa kuiwekea Afrika Kusini vikwazo. Afrika Kusini ilikuwa imeshafukuzwa IOC tangu 1970, na haikurudi Olimpiki hadi Barcelona mwaka 1992.

Kuna sababu za kufaulu, na anayetaka kuiga lazima azitazame. Ya kwanza, uonevu ulikuwa ndani ya mchezo wenyewe: ngozi ndiyo iliyoamua nani avae jezi ya taifa. Kucheza na timu ile kulikuwa ni kuutambua ubaguzi. Ya pili, wanaoonewa ndio walioomba. SANROC, kamati iliyopigania michezo isiyo na ubaguzi Afrika Kusini, ambayo Dennis Brutus alikuwa kiongozi wake, ilizunguka dunia ikiomba Afrika Kusini itengwe, na Brutus alikuwa amepigwa risasi na kufungwa kisiwa cha Robben kwa msimamo wake. Ya tatu ni uvumilivu. Haikuwa hasira ya msimu mmoja. Ilidumu zaidi ya miaka 20, ikienda sambamba na vikwazo vya biashara na vita vya ukombozi.

Sasa weka Moscow 1980 pembeni yake. Rais Jimmy Carter wa Marekani alitaka dunia isusie kwa sababu Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeivamia Afghanistan. Akamtuma Muhammad Ali barani Afrika kushawishi. Ali alifika Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere hakukubali kukutana naye. Waandishi wakamuuliza bondia huyo Marekani ilikuwa wapi Afrika iliposusia Montreal miaka minne nyuma. Tanzania ikaenda Moscow, ikarudi na medali mbili za fedha: Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Hadi Paris 2024 hatujaongeza nyingine. Kenya ilisusia, na wakimbiaji wake wakakaa nyumbani. Wanajeshi wa Kisovieti walibaki Afghanistan hadi Februari 1989, na mwaka 1984 Moscow ililipa kisasi kwa kususia Los Angeles. Vigezo nilivyovitaja juu, karibu vyote havikuwepo hapa. Michezo haikuwa chombo cha uvamizi, sauti ya Waafghani haikuwa ndiyo inayoongoza, na mpango wenyewe uliishia siku taa za uwanja zilipozimwa.

Leo ukinitaka mfano unaokaribia Afrika Kusini, nitakutajia Afghanistan ya Taliban. Huko mwanamke haruhusiwi kucheza, kwa hiyo uonevu umeingia ndani ya mchezo kama enzi za makaburu. Wanakriketi wanawake walikimbilia Australia na kutoka huko wamedai kutambuliwa. Australia imeahirisha mara kadhaa mfululizo wa mechi na timu ya wanaume ya Afghanistan. Uingereza ilishinikizwa na wabunge wake zaidi ya 160 isicheze nayo Februari 2025, ikacheza, ikafungwa. Hapo mimi ningekuwa upande wa wabunge.

Timu iende, kiongozi abaki

Hii ndiyo njia ya kisasa, na watu wengi huiona ndiyo ya busara: mwanamichezo hapotezi kitu, na kiongozi amesema lake. Upande wa gharama naikubali. Anayelipa ni yule mwenye msimamo, na hilo ni haki. Mashaka yangu yako kwenye uzito.

Hapa Pwani mtu asipotokea kwenye shughuli ya jirani bila kutoa neno, watu watasema anaumwa au kasafiri. Akipeleka sababu mapema, kila mmoja ukumbini atajua kile kiti kiko wazi kwa nini. Viongozi wengi wamebaki nyumbani kwa namna ile ya kwanza. Beijing 2008 Angela Merkel wa Ujerumani hakwenda kwenye ufunguzi, Gordon Brown wa Uingereza akaenda kwenye kufunga tu, na wote wawili walijitahidi kueleza kuwa huko si kususia. Mwenyeji anaumia wapi kwa kiti ambacho hata aliyekiacha hataki kukisemea?

Euro 2012 ilikuwa wazi zaidi. Viongozi kadhaa wa Ulaya walikataa kukanyaga Ukraine kwa sababu Yulia Tymoshenko, waziri mkuu wa zamani, alikuwa gerezani. Dai lilikuwa na jina la mtu, tena la kueleweka. Hata hivyo Tymoshenko alitoka Februari 2014, serikali ya Yanukovych ilipoanguka, na hilo lilifanywa na Waukraine wenyewe walioandamana Kyiv. Sochi 2014 inatoa picha nyingine. Barack Obama na viongozi wengine wakubwa wa Magharibi walionyesha hawaendi, na Desemba 2013, wiki chache kabla ya michezo, Urusi ilimwachia Mikhail Khodorkovsky, tajiri aliyempinga Putin, na wanawake wa Pussy Riot, kundi la muziki la wapinzani. Mwenyeji alikuwa anafagia ua kabla ya wageni. Lakini michezo ilipokwisha tu, Crimea ikatekwa. Nikiipima, naona kiti kitupu kinaweza kumtoa mfungwa mmoja mmoja, tena kabla ya ufunguzi, wakati mwenyeji bado ana matumaini ya kukijaza.

Beijing 2022 ndiyo niliyoifuatilia kwa makini zaidi. Desemba 2021 Marekani ilitangaza kutopeleka ujumbe wa serikali kwa sababu ya mateso ya Wauighuri, jamii ya Waislamu kule Xinjiang, na Uingereza, Australia na Canada zikafuata. Wanamichezo wao wote walishindana. Je, China iliguswa? Kwa kiasi fulani ndiyo, kwa sababu siku ya ufunguzi mmoja wa waliokabidhiwa kuwasha mwenge alikuwa msichana Muuighuri, na serikali haijibu shutuma ambayo haijaisikia. Jukwaani, nafasi ya wakubwa waliokosekana ilichukuliwa na Vladimir Putin, ambaye siku 20 baadaye aliivamia Ukraine. Kilichokuwa na meno zaidi hakikuwa kile kiti. Desemba ileile Rais Joe Biden alitia saini sheria inayozuia bidhaa za Xinjiang kuingia Marekani mpaka ithibitishwe kuwa hazikutengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa. Serikali inayobaki nyumbani kwa ajili ya haki za watu huku makontena ya pamba yakishuka bandarini kwake kama kawaida, mimi siichukulii kwa uzito, hata itoe matamko mazuri kiasi gani.

Afrika tunao mfano wetu, ingawa haukuwa wa michezo. Mwaka 1975 mkutano wa wakuu wa nchi za OAU, Umoja wa Nchi za Afrika wa wakati ule, ulipopangwa Kampala chini ya Idi Amin, Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda. Tanzania ilieleza waziwazi kwa nini: Afrika haiwezi kupiga kelele juu ya makaburu na kunyamaza Mwafrika anapowaua Waafrika wenzake. Mkutano ulifanyika, Amin akawa mwenyekiti. Lakini ile sababu ilibaki kwenye kumbukumbu, na imemsaidia kila aliyetaka baadaye kuhoji ukimya wa viongozi wa Afrika. Nalitaja kwa sababu wapo wanaosema kiongozi wa nchi ndogo akibaki nyumbani hakuna atakayeona.

Aende, na aseme

Wanaotetea njia hii husema huwezi kumrekebisha mtu usiyeongea naye. Ni hoja nzuri, ila historia yake ina doa kubwa. Berlin 1936 dunia ilienda. Mabango ya kuwatukana Wayahudi yaliondolewa kwa siku za michezo, yakarudishwa wageni walipoondoka. Gretel Bergmann, mruka juu Myahudi, aliondolewa kwenye timu ya Ujerumani. Jesse Owens alishinda dhahabu 4 na watu bado wanazitaja kana kwamba zilimshinda Hitler. Zilimkera, hazikumzuia chochote.

Argentina 1978 inaonyesha vizuri zaidi tofauti kati ya mgeni na mgeni. Jenerali Videla alikuwa anatawala, na karibu na uwanja wa Monumental kulikuwa na ESMA, chuo cha jeshi la majini kilichogeuzwa kituo cha kutesea watu. Henry Kissinger, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, alikwenda akiwa mgeni wa Videla, akakaa jukwaani. Siku ya ufunguzi wanahabari wa Uholanzi waliacha sherehe wakaenda Plaza de Mayo, ambako akina mama waliofunika vichwa kwa vitambaa vyeupe walikuwa wakiuliza watoto wao wako wapi. Mama mmoja baada ya mwingine aliisogelea kamera akilia na kuomba dunia iwasaidie. Picha zile zilitoka nje. Wageni wote wawili walikwenda Buenos Aires kwa sababu ya mpira uleule, lakini aliyewafaa wale kina mama ni aliyeondoka jukwaani.

Qatar 2022 ilitupa toleo la kisasa. Waziri wa mambo ya ndani wa Ujerumani, Nancy Faeser, alikaa jukwaani pembeni ya rais wa FIFA akiwa amevaa kitambaa cha mkononi cha kupinga ubaguzi ambacho FIFA ilikuwa imewazuia manahodha wasikivae. Ilikuwa ishara ya ujasiri kiasi. Lakini wajenzi wa viwanja na walinzi wa mageti walipata nini kutoka kwenye ishara ile? Walichopata kilitoka kwingine na mapema zaidi. Qatar ilipewa Kombe la Dunia Desemba 2010. Malalamiko rasmi yalifikishwa Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 2014, vyama vya wafanyakazi vikabana, na mwaka 2018 ILO ikafungua ofisi Doha. Mwaka 2020 ikaja sheria ya kumruhusu mfanyakazi kubadili mwajiri bila kibali cha mwajiri wa zamani, pamoja na kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kilichoanza Machi 2021. Utekelezaji ulisuasua; mwaka huohuo wa 2021 mlinzi mmoja Mkenya aliyekuwa akiandika mtandaoni kuhusu maisha ya wafanyakazi alikamatwa. Hata hivyo sheria ilibadilika, na ilibadilika kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa.

Fainali ile, Argentina na Ufaransa, niliitazama kwenye kibanda umiza cha Makorora, watu wamebanana mpaka mlangoni. Mbele yangu alikaa kijana niliyemfundisha darasa la saba, aliyekuwa amerudi kutoka Doha baada ya kufanya kazi ya ulinzi. Kamera ilipoonyesha ngazi za nje za uwanja alinyoosha kidole akasema pale ndipo aliposimama zamu za mchana, na kwamba pasipoti yake ilikaa kabatini kwa kampuni muda wote aliokuwa huko. Wakati wa mapumziko nikamuuliza kama angetaka viongozi wasusie. "Hapana, Mwalimu," akasema. "Ningetaka waje, ila wasiende moja kwa moja uwanjani. Waje kwanza kule tulikolala." Halafu akaongeza kwamba katika muda wake wote hakumwona kiongozi yeyote, wa kwao wala wa kwetu, aliyefika kule.

Jibu lake limenisaidia kupanga mawazo kuliko hotuba nyingi nilizosikia. Alikuwa anaijua gharama ya kila njia kwa mwili wake. Kususia kungemfungia kazi. Kwenda na kunyamaza kungemdharau. Na hata ile "kwenda na kusema" aliitaka kwa sharti la mahali pa kusemea.

Ukiniuliza nichague

Kususia nchi nzima ningekuwekea akiba ya jambo moja: pale mchezo wenyewe umebeba uonevu, mtu akizuiwa kucheza kwa rangi yake, jinsia yake au kabila lake, na waliozuiwa wenyewe wanaomba tuwatenge wazuiaji. Hapo gharama ya mwanamichezo wetu ina maana, kwa sababu anamlipia mwanamichezo mwenzake. Tena serikali inayomwomba alipe inapaswa kumlipa: imtunze, imtafutie mashindano mengine, imtaje kwa heshima. Sioni kwamba tulilifanya hilo vya kutosha kwa kizazi cha 1976.

Nje ya hapo, timu iende. Kiongozi ndiye wa kupimwa, na kwake chaguo la kubaki au kwenda litegemee kile anachoweza kukipata. Akiwa na dai lenye jina, la mfungwa fulani au la sheria fulani, alitangaze miaka na miezi kabla, aseme waziwazi kwamba bila hilo hataonekana jukwaa kuu, na alishike. Kama hana dai, kubaki kwake ni likizo. Akichagua kwenda, ratiba yake ioneshe mabweni ya wafanyakazi, familia za wafungwa au waandishi wa nchi ile kabla ya ratiba ya mechi. Akinyimwa ruhusa ya kufika huko, ana sababu ya kurudi uwanja wa ndege, na dunia itaielewa.

Kwa Saudi Arabia muda bado upo. Mageuzi yake ya kazi ya Machi 2021 hayakuwagusa wafanyakazi wa ndani, na huko ndiko dada zetu wengi waliko. Ningependa kuona Tanzania, Kenya, Uganda na Ethiopia zikikaa pamoja sasa, wala zisingoje 2034, zidai mkataba wenye lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, pasipoti kubaki mkononi mwa mwenyewe, na mshahara kupitia benki. Zikilikosa hilo, marais wake wasipande ndege kwenda kwenye ufunguzi. Wachezaji wetu wakifuzu, waende wacheze.

Na sisi 2027, mgeni akituuliza maswali kabla ya kuja, tusimwite adui wa taifa. Tulishawahi kuuliza wengine maswali kama hayo, tena kwa sauti kubwa, na tulikuwa na haki. Akitaka kukutana na mawakili, waandishi au familia yenye malalamiko kabla ya kuingia uwanja wa Mkapa, afunguliwe mlango.